Joto la Kona ya Tano

Mama Robo hakupewa jina hilo na wazazi wake. Alipewa na madereva, tena kwa kumteta. Ukipeleka gari la dizeli kwenye gereji za jirani ukasema liongezewe nguvu, fundi alishika bisibisi, akaizungusha ile skrubu ya pampu inayoongeza mafuta, raundi nzima au mbili, gari likanguruma, likatoa moshi mweusi, na mwenye gari akaondoka kifua mbele kama bwana harusi. Wiki mbili baadaye alirudi akivutwa kwa kamba, pistoni zimeyeyuka. Mama Robo alizungusha robo raundi tu. Kisha alipanda garini pamoja na mwenye gari, na mzigo wote juu, wakaenda kutafuta mlima. Wakirudi, akasikiliza, akatazama moshi, ndipo akafikiria robo nyingine. Wateja wa haraka haraka walimkimbia. Waliobaki kwake walikuwa wale waliokwisha kuungua mara moja, na hao hawakuwa wachache.

Gereji ilikuwa ya baba mkwe wake. Mzee huyo alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, akamwekea spana mkononi tangu mdogo, na mtoto kila akinusa dizeli alitapika. Basi akaenda kujifunza ushonaji, na mzee akanuna miaka sita. Mtoto alipooa, mzee alimkuta mkwewe siku moja ameifungua pampu ya maji ya kisimani kwa kisu cha jikoni na ameirudisha inafanya kazi. Mzee akaijaribu pampu siku tatu. Siku ya nne akampa funguo za gereji. Tangu hapo chumba cha mbele kikawa cha cherehani na uwanja wa nyuma ukawa wa injini, na mteja aliyekosea mlango alijikuta anapimwa kiuno ilhali amekuja kubadilisha oili.

Mume naye alikuja kupata jina lake. Magari ya barabara za vumbi yana lile bomba la kuvutia hewa linalopanda ubavuni mwa kioo hadi usawa wa paa. Aliona madereva wanafunga mdomo wa bomba kwa matambara, soksi, hata fulana za ndani, ili vumbi lisiingie kwenye filta. Jambo hilo lilimkera kama fundi nguo. Akashona kofia: kitambaa kigumu, mpira wa kukaza chini, pindo safi, na jina la utani la dereva limedariziwa mbele kwa uzi mwekundu. Kofia za kwanza zilikuwa na tabaka moja la kitambaa. Madereva wakasema vumbi bado linapenya, akaweka mawili. Mwishowe akaweka matatu, na wakaapa kwamba filta zao sasa zinabaki safi kama sahani. Wakamwita Bwana Kofia. Akipita stendi ya magari alipigiwa honi kila upande, na mkewe alijua honi zile zilikuwa na maana gani kwake. Baba yake alikufa akiamini mwanawe hana mchango wowote kwenye gari, na sasa magari thelathini na nne mjini yalivaa kazi ya mikono yake.

Hayo ndiyo yalikuwa maisha yao siku dereva wa zahanati alipoingiza gari uwanjani. Madereva wenzake walimwita Taratibu, kwa sababu hata akichelewa kula hakimbii. Alizima injini, akabaki ameshika usukani.

"Mama, nimekwisha," alisema.

"Wewe au gari?"

"Wote wawili. Wametuletea friji mpya ya chanjo. Nzuri, lakini nzito kama sefu. Wiki iliyopita tulipofika kona ya tano, manesi walishuka wakasukuma. Manesi, Mama! Na sare zao nyeupe."

Kila mtu aliujua mlima huo. Una kona saba, na juu yake kuna kituo kidogo ambako akina mama huleta watoto wao siku ya kliniki. Taratibu alieleza yaliyobaki kwa sauti ya chini. Sista Mkuu wa zahanati alikuwa amempa hadi Alhamisi ya wiki ya pili. Siku hiyo angepanda mwenyewe, friji imejaa, manesi wawili nyuma na maboksi yote. Gari likisimama njiani, safari za mlimani zinafutwa. Akina mama wangeteremka kwa miguu, kilomita kumi na moja, mtoto mgongoni, na kurudi zilezile.

"Nusu yao hawatakuja," alisema Taratibu. "Nawajua. Mimi ndiye huwabeba mvua ikinyesha. Wengine wameniambia nizungushe tu ile skrubu, lakini naogopa."

"Umefanya vizuri kuogopa. Hiyo injini ni ya makamo yangu. Ukiilisha kupita inavyopumua, inajichoma yenyewe."

Alianza na breki, na Taratibu akafikiri amemsikia vibaya. Mama Robo akamwambia kwamba hataliongezea nguvu gari asilo na uhakika kwamba litasimama, na kama hapendi, mlango ni uleule alioingilia. Akabadilisha klachi iliyokuwa imebaki jina tu. Akaifungua rejeta, akatoa kutu ya miaka, akaisafisha mpaka maji yakapita bila kigugumizi. Akapima vali, akasafisha nozeli za kupulizia mafuta moja moja na kubadilisha mbili. Gari likapata uhai kidogo kwa hayo tu, maana mara nyingi nguvu anayoitafuta mtu ni ile aliyoipoteza kwa uzembe.

Ndipo akafunga tabo. Aliitoa kwenye gari bovu lenye injini ya aina hiyohiyo, akaihakiki kila pembe. Ni feni ndogo inayozungushwa na moshi unaotoka, nayo inasukuma hewa ya ziada ndani ya injini. Aliirekebisha isukume kwa upole, nusu ya uwezo wake. Kisha akatoboa bomba la ekzosi, akachomeka waya wa kupimia joto, na geji yake akaifunga mbele ya macho ya Taratibu, juu ya dashibodi.

"Hii sindano ikikaribia mia saba, toa mguu kwenye mafuta. Usiniulize, usimuulize nesi, usisubiri kona iishe. Toa mguu."

Akaongeza mafuta. Robo.

Kwenye kilima cha mjini, chenye lami, gari lilipanda na mifuko ya mchanga nyuma kama halijabeba kitu. Sindano ilisimama mia tano na sitini. Taratibu alicheka peke yake njia nzima, na Mama Robo, ambaye hasifiwi kwa urahisi wa kutabasamu, alitabasamu.

Siku iliyofuata walikwenda mlimani kwenyewe, na mambo yakaenda mrama. Kona ya kwanza nzuri, ya pili nzuri, ya tatu sindano ikaanza kupanda. Kona ya tano ikafika mia saba na arobaini, na nyuma yao moshi mweusi ukafunika barabara.

"Toa mguu! Toa!"

Wakarudi mjini. Mama Robo akapunguza mafuta robo. Wakapanda tena, joto likafika palepale. Akapunguza robo nyingine, na sasa joto likashuka kidogo lakini gari likawa linakokota miguu kama zamani. Akaipima rejeta upya. Akakagua kila mpira wa tabo, akitafuta panapovuja. Uwanjani injini ilipumua vizuri kabisa, kilima cha lami kilikuwa mchezo, lakini barabara ya mlima ikifika, gari lilikuwa kama mtu aliyekabwa. Zilibaki siku sita kufika Alhamisi ya Sista. Chakula cha mchana alikila ameshika tama, na mumewe alimsogezea maji.

Jumamosi, mvua ya manyunyu ilinyesha mlimani asubuhi. Safari hii Mama Robo aliirudisha ile robo ya kwanza, kwa ukaidi tu. Kona ya tano sindano ikapanda kama kawaida, wakasimama pembeni, wakaiacha injini inanguruma polepole ili tabo ipoe. Taratibu akashuka, akafanya jambo ambalo kila dereva hufanya akisimama: alivua kofia ya bomba, akaipigapiga gotini kutoa vumbi. Kwa kuwa mvua ilikuwa imelaza vumbi, hakujisumbua kuirudisha. Akaitupa kitini.

Wakaondoka. Gari likapita kona ya tano, likaingia ya sita, na Taratibu akaanza kuimba. Mama Robo aliitazama sindano. Mia sita na kumi. Akageuka kutazama nyuma, moshi ulikuwa mwembamba, kama wa sigara.

"Mama, umelifanya nini hili gari?"

"Sijalifanya kitu. Simama."

"Nisimame? Linapanda!"

"Simama, baba, nakuomba."

Aliichukua kofia kitini, akairudisha kwenye bomba. Wakashuka hadi chini ya kona ya tano, wakapanda. Mia saba na ishirini. Akaivua. Mia sita na kumi. Akaivisha tena, na Taratibu sasa alikuwa anamwangalia kama mtu anayefikiria kumpeleka zahanati. Mwishowe Mama Robo aliiweka ile kofia mdomoni na puani mwake mwenyewe, akavuta pumzi. Matabaka matatu ya kitambaa kigumu, yenye vumbi la mlima. Alivuta mara tatu, kichwa kikaanza kuzunguka.

Uwanjani kofia hutundikwa msumarini. Kwenye lami hakuna anayelivisha gari. Ni kwenye barabara ya vumbi tu ndiko huvishwa, na yeye alikuwa ameiona ikining'inia pale kila siku ya Mungu bila kuiona. Injini ya zamani ilikuwa ikivuta hewa kidogo, ikavumilia. Alipoiwekea tabo ikataka hewa zaidi, na kofia ikaikaba.

Mbele ya macho yake, kwa uzi mwekundu, palikuwa pameandikwa TARATIBU, kila herufi imenyooka.

Taratibu hakuwa mjinga. Aliiangalia kofia, akamwangalia Mama Robo, akakuna kidevu.

"Mama, hili linaweza kubaki hapa kwetu. Mimi nitaivua kimyakimya. Tutasema ilikuwa skrubu. Bwana Kofia hana haja ya kujua."

Njia nzima ya kurudi Mama Robo aliishika ile kofia mapajani. Lile wazo lilikuwa tamu, na alilinyonya kwa muda mrefu kama pipi. Lakini kofia zilikuwa thelathini na nne. Akaanza kuhesabu magari yaliyokuja gerejini kwake na moshi mweusi, na wenyewe wakaapa hawajagusa skrubu, naye akawafokea kuwa ni waongo. Mmoja alikuwa na gari la kubebea mbao. Injini yake iliungua mwaka uliopita, na Mama Robo alimsomea risala mbele ya watu mpaka yule mwanamume akainamisha kichwa. Gari lake lilikuwa na tabo tangu kiwandani, na kofia nayo ilikuwapo, imeandikwa SIMBA WA MBAO. Aliona haya mpaka masikio yakawa ya moto.

Alimkuta mumewe kwenye cherehani, anadarizi kofia mpya ya gari la zahanati kwa ajili ya siku ya Sista. Ilikuwa nyeupe, na alikuwa amefika herufi ya nne.

"Mwenzangu, simamisha kidogo hiyo mashine."

Alimweleza yote, wima wima, bila kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, maana mumewe alikuwa akimjua. Alimtajia namba. Mia saba na ishirini kofia ikiwapo, mia sita na kumi ikivuliwa.

Mume aliiondoa nguo chini ya sindano taratibu, akakata uzi.

"Unataka kuniambia nimekuwa nawaziba watu pumzi miaka tisa?"

"Sisi wawili. Wewe ulishona, mimi nilikuwa naona na sikuona. Mimi ndiye fundi wa injini."

"Wote walinishukuru," alisema. "Walikuwa wananipigia honi."

Akaikunja ile kofia nyeupe mara nne, akaiweka kwenye droo, akatoka. Siku mbili alikula, akasema asante kwa chakula, akasalimia wateja, na cherehani hakuigusa. Mama Robo alitamani mumewe agombe. Angevunja hata kikombe. Mtu mpole akiumia, mwenzake hajui pa kushika. Zikabaki siku tatu, na ingawa sasa alijua namna ya kulipandisha gari, hakuwa na furaha nalo.

Jumatatu saa mbili asubuhi Taratibu alikuja kulichukua gari kwa majaribio, na yeye na Mama Robo wakamkuta Bwana Kofia amekwisha kukaa kiti cha nyuma, futi ya kupimia shingoni, mkasi mfukoni, rundo la vitambaa mapajani, na kitambaa kimoja amejifunga puani kwa sababu ya harufu ya dizeli.

"Twende," alisema. "Nataka kuiona hiyo sindano kwa macho yangu."

Walipanda na kofia ya zamani. Aliiona sindano inavyopanda. Chini ya kona ya tano alishuka, akakaa kwenye jiwe, akafumua tabaka moja kwa ncha ya mkasi. Wakapanda. Mia sita na themanini. Wakashuka, akafumua la pili, wakapanda tena. Mia sita na hamsini. Alikaa akaishika ile kofia iliyobaki nyepesi, akaigeuzageuza.

"Bila kitu, vumbi linajaza filta, si ndiyo?"

"Ndiyo," alisema mkewe. "Filta ikijaa tunarudi kulekule."

"Basi kosa si tabaka peke yake. Ni kubana. Mtu shati likimbana kifuani, humwambii apumue kidogo. Unaongeza kitambaa." Akaichukua futi shingoni, akaupima mdomo wa bomba, kisha akapanua mikono hewani. "Kofia iwe kubwa. Kama boga. Hewa iingie pande zote, kitambaa chepesi, tabaka moja, na waya ndani kisije kikanywea kikavutwa."

Mama Robo alimtazama. Ujanja wote wa filta ya hewa ndio huo, eneo kubwa na upenyo wa kutosha, na waliojifunza darasani huueleza kwa ukurasa mzima. Huyu alikuwa ameufikia kwa futi ya nguo, na uso wake umekuwa wa kijani kwa kichefuchefu.

"Ndivyo," alisema. "Ndivyo hasa."

Jumanne Bwana Kofia alishona, akafumua, akashona. Jumatano walipanda na boga jeupe juu ya bomba, kichekesho cha kutazama, watoto wa barabarani wakalishangilia. Mia sita na ishirini. Waliporudi wakafungua filta wakapitisha kidole, na kidole kikatoka na vumbi kidogo tu. Mama Robo alimwambia Taratibu filta ing'utwe kila safari, bila kukosa, na kila baada ya safari nne ailete ikaguliwe. Taratibu akaapa.

Alhamisi Sista Mkuu alipanda mbele na mkoba wake magotini, Mama Robo akabanwa katikati, manesi nyuma na friji, maboksi hadi darini. Sista hakuwa mtu wa porojo. Aliitazama barabara, akatazama saa yake. Kona ya tatu. Ya nne. Kwenye kona ya tano mmoja wa manesi alianza kuvua viatu vyake vizuri, tayari kushuka kusukuma, na gari likapita pale na gia ya pili bila kukohoa. Sindano ilisimama mia sita na thelathini. Taratibu hakuimba, lakini kidole chake kilipiga ngoma kwenye usukani.

Juu, akina mama walikuwa wamejipanga ukutani kwenye kivuli. Waliposikia gari limekuja kwa sauti moja tu, bila kile kimya cha kawaida cha kusimama njiani, wengine walisimama. Mmoja akauliza kama leo wamekuja na gari jipya.

"Lilelile," Sista alisema. Kisha akamgeukia Mama Robo. "Nilikuwa nimekwisha kuandika barua ya kufuta safari hizi. Nitaichana. Nawe ulitunze hilo gari."

Mama Robo alishuka mlima moyo umejaa hadi pomoni. Alitaka kumwambia mumewe kabla mtu mwingine hajamwambia. Taratibu alimshusha mlangoni, naye Mama Robo akaingia mbio kama msichana.

Chumba cha cherehani kilikuwa na lundo katikati ya sakafu. Kofia. Nyekundu, kijani, za vumbi, zilizochanika, kila moja na jina lake. Mumewe alikuwa amekaa kando ya lundo hilo, viatu amevua, nyayo zimevimba.

"Thelathini, ukiacha ya Taratibu," alisema. "Watatu wako safari ndefu. Nitawangoja njiani Jumamosi. Zote nitazishona upya, bure."

"Umezikusanya zote leo?"

"Tangu asubuhi. Nimezunguka stendi zote. Kila mmoja nimemwambia kwa mdomo wangu: nilikosea, ivue, inaua injini. Wengine walicheka. Yule wa mbao hakucheka. Aliniuliza kama ndiyo iliyoichoma injini yake. Nikamwambia naamini ndiyo."

"Akasemaje?"

"Alinitukana. Nikasimama mpaka akamaliza. Halafu akaivua, akanipa." Alinyoosha mkono akaonyesha SIMBA WA MBAO, juu kabisa ya lundo.

"Kesho nitakwenda kwake," alisema Mama Robo. "Mimi pia nina langu la kumwambia."

Mumewe akainua macho, kama mtu aliyekumbuka kitu ghafla.

"Na la zahanati? Lilipanda?"

Ndipo Mama Robo alipoelewa kwamba mwanamume huyu hakuwa amesubiri. Alikuwa ametoka asubuhi, kabla gari halijafika hata kona ya kwanza, akauzunguka mji mzima akisema kosa lake mara thelathini, bila kujua kama lile boga lake litafaulu au litamwaibisha mara ya pili. Alimpenda wakati ule kuliko siku yoyote aliyoweza kuikumbuka. Akavuta kigoda, akakaa karibu naye, akamwekea mkono begani, mkono wenye grisi, naye hakuukwepa.

"Lilipanda," alisema. "Halikusimama popote."

Bwana Kofia alifunika uso kwa viganja akalia kidogo, bila haya. Kisha akajifuta kwa futi ya nguo, akampa mkewe mkasi wa pili, na wakaanza kufumua.